Insha ya rangi na jinsia katika fasihi ya Marekani: neno "mweupe" linanikwamisha

Mwana_Langoni

Assalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Nina insha ya maneno 2,500 juu ya rangi, jinsia na utambulisho katika fasihi ya kisasa ya Marekani. Matini ni mbili: riwaya ya Nella Larsen, *Passing* (1929), na hadithi fupi ya Toni Morrison, *Recitatif* (1983). Rasimu ya kwanza imerudi na maneno mawili pembeni: "historia tupu". Nilianza na utumwa, nikapitia vita vya wenyewe kwa wenyewe na harakati za haki za kiraia, vitabu vyenyewe vikaingia ukurasa wa nne.

Jambo la pili, nafikiri kwa Kiswahili kisha naandika kwa Kiingereza, na kuna mahali panateleza. Clare na Irene wa *Passing* ni weusi ama weupe? Na kwenye *Recitatif* yupi mweusi, Twyla au Roberta? Nimesoma mara mbili sijampata. Naomba hatua za kufuata, si "soma zaidi". Nimebakiwa na wiki tatu.

Maalim_Kasikazi

Waaleikum salaam. Tuanze na hilo neno, maana ndilo mzizi wa fitina.

Hapa Lamu ukisema "yule binti mweupe" hakuna anayemfikiria Mzungu. Unasema ngozi yake imekwajuka kuliko ya nduguye, na nduguye ni maji ya kunde, na wote wawili wamezaliwa na mama mmoja. Mweupe kwetu ni sura. Mzungu ni mtu wa kwao huko. Kiingereza cha Marekani kimeyatia hayo mawili katika neno moja, ndiyo maana ukifikiri kwa Kiswahili unateleza. Kwa jicho la mtu wa Mkomani, mtaa wetu wa hapa Lamu, Irene na Clare ni weupe, hakuna ubishi. Kwa hesabu ya Marekani ni Weusi, kwa sababu hesabu ile haikutazama ngozi, ilitazama nasaba. Tone moja la damu ya Kiafrika likiwemo, limetosha.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni Homer Plessy. Alikamatwa Louisiana mwaka 1892 kwa kukaa kwenye behewa la Wazungu, na kati ya sehemu nane za nasaba yake saba zilikuwa za Kizungu. Mahakama Kuu ya Marekani ilimhukumu mwaka 1896, na hukumu hiyo ikahalalisha utengano kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1924 Virginia ikatunga sheria iliyomfunga mtu kwa nasaba hiyo hata kwenye ndoa. Sensa ya 1920 bado ilikuwa na fungu la machotara. Ya 1930 ikalifuta, chotara wa damu ya Kiafrika akaandikwa Mweusi, basi. *Passing* imetoka 1929, katikati ya hapo. Huo ndio muktadha unaohitaji, na unaingia katika maneno 300. Utumwa wote wa karne mbili na nusu hauna kazi hapo.

Ila sheria moja ya kale usiiache: Virginia, 1662. Ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake, mama mtumwa huzaa mtumwa hata kama baba ni bwana mwenyewe. Ilinganishe na unayoyajua. Kwetu nasaba hufuata baba. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na babake alikuwa huru na alirithi pamoja na ndugu zake. Sisemi kwetu kulikuwa na heri, maana suria mwenyewe hakuulizwa. Nasema mlango ulikuwa mwingine. Kule rangi ilipitia tumboni mwa mwanamke. Ukishaliona hilo, huwezi tena kuandika sura moja ya "rangi" na nyingine ya "jinsia" kama mada mbili zisizojuana, na nadhani rasimu yako imefanya hivyo hivyo.

Mwana_Langoni

Imefanya hivyo hivyo, maalim. Rangi kurasa tano, jinsia kurasa mbili za mwisho.

Bi_Mkomani

Basi zivunje hizo kurasa uzipange upya kwa mandhari, usizipange kwa mada. Chagua tukio moja kwa kila matini na ulichambue mpaka lishe. Tukio moja lililochambuliwa vizuri linachukua maneno 650 hadi 750. Ukijaribu matukio sita utapata muhtasari, na muhtasari ndio ndugu wa "historia tupu".

Kwa *Passing* nakupa chai aliyoiandaa Clare, Chicago, sehemu ya kwanza. Waliopo ni Clare, Irene na Gertrude, wote watatu kwa sheria ni Weusi na kwa macho ni Wazungu. Kabla mume hajaingia wanazungumzia uzazi. Clare anasema alikaribia kufa kwa hofu miezi yote ya mimba ya bintiye, asije akazaliwa mweusi, na ndiyo maana hatazaa tena. Gertrude anaunga mkono: mumewe anajua asili yake, wala hajali, lakini wanaume hawaelewi jinsi damu inavyoweza kurudi nyuma vizazi na kujitokeza. Halafu anasema hakuna anayetaka mtoto mweusi. Irene anajibu kwa utulivu kwamba mwanawe mmoja ni mweusi.

Simama hapo, usikimbilie tusi la mume. Watatu hawa wamesimama mahali patatu. Clare mumewe, Mzungu, hajui. Gertrude mumewe anajua. Irene ameolewa na daktari Mweusi ambaye hawezi kujipitisha, yaani kuhesabiwa Mzungu mbele ya watu, hata akitaka. Hofu ni moja, rangi, lakini anayeibeba miezi tisa ni mwanamke, na ushahidi utatoka mwilini mwake mbele ya watu. Mwanamume aliyejipitisha angeweza kufunga mkoba akahama. Sheria ya 1662 aliyokutajia maalim inafanya kazi pale kwenye chai, na Larsen hakuitaja hata mara moja. Hilo ndilo la kuonyesha, kisha historia inajileta yenyewe kwa sentensi mbili.

Ndipo John Bellew anaingia na kumwita mkewe kwa jina la utani lililokatwa kutoka kwenye tusi wanalotukanwa Weusi. Anaeleza sababu: alipomwoa alikuwa mweupe kama yungiyungi, sasa kila mwaka anazidi kuiva. Wote wanacheka. Irene anacheka kupita wote, mpaka anamwona Clare anamtazama. Kwa nini kicheko? Bellew anacheka kwa sababu anadhani ni mzaha. Watatu wanacheka kwa sababu mzaha ni kweli. Kinaya kinafanya kazi kwa sababu msimulizi ametufungia kichwani mwa Irene, twajua anachojua yeye tu.

Na hapo ndipo wanafunzi wanapojikwaa. Riwaya ni ya nafsi ya tatu, kwa hiyo wanaandika "Larsen anasema Clare ni mbinafsi". Siye Larsen. Ni Irene anayewaza hivyo, na Irene ana wivu na hofu zake. Kila sifa ya Clare unayoinukuu, andika pembeni: nani ameiona? Ukianza ukurasa wa kwanza kabisa utaona: bahasha ndefu ya karatasi nyembamba ya Kitaliano, wino wa zambarau, mwandiko usiosomeka vizuri, haina anwani ya mtumaji. Irene anaiona hatari kabla hajaifungua. Bahasha ni bahasha tu. Hatari inatoka kwa msomaji wake.

Nguzo_Malindi

Salaam kutoka Malindi. Nakubaliana na bi hapo juu kasoro neno moja. "Kujipitisha" silipendi. Wengine huandika "kujifanya Mzungu", na hilo ni baya zaidi kwa sababu "kujifanya" tayari kumeshamhukumu mtu kuwa mwongo. Swali la riwaya ni hilo hilo: Clare anaongopa nini, ikiwa ngozi ni yake na jamii ndiyo iliyomwandika Mweusi? Afadhali "kupita kama Mzungu". Kupita hakusemi kama mtu ni mkweli au mwongo.

Bi_Mkomani

"Kupita" kunaficha kwamba anachagua. Kiswahili kina -ji- kwa sababu. Na Irene pia hujipitisha, kwa vitu vidogo: mkahawa, tiketi ya tamthilia, chai ya darini pale hoteli ya Drayton siku ya joto. Tofauti yake na Clare ni kiasi, si aina. Neno linalowashika wote wawili ni hilo lenye -ji-.

Nguzo_Malindi

Haya, -ji- imeshinda kwa Irene. Kwa Clare nabaki na langu, maana alilelewa na shangazi wakubwa wa Kizungu baada ya babake kufa, wakamkataza kutaja asili yake. Mlango alifunguliwa na wengine.

Tuje *Recitatif*, kwa kuwa swali la mwenzetu halijajibiwa. Ndugu yangu, acha kumtafuta. Hujampata kwa sababu hayumo. Morrison mwenyewe ameeleza katika kitabu chake cha insha cha 1992 kwamba alikuwa akijaribu kuondoa alama zote za rangi katika hadithi ya watu wawili wa rangi tofauti ambao kwao rangi ni jambo zito. Tunaambiwa mmoja Mweusi na mmoja Mweupe. Yupi, hatuambiwi hadi mwisho. Insha inayomaliza kwa "kwa hiyo Roberta ndiye Mzungu" imeanguka, hata iwe na ushahidi kumi na mbili.

Fanya hivi. Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika kila kidokezo. Kulia usiandike "Mweusi" wala "Mzungu"; andika dhana uliyokuwa nayo kichwani iliyokufanya ukione ni kidokezo. Mama yake Roberta anakuja kwenye kituo cha watoto walikowekwa wasichana hao wawili, na msalaba mkubwa kifuani na Biblia kubwa, anakataa kumpa mkono mama yake Twyla. Kushoto: kukataa mkono. Kulia: "nadhani Mzungu ndiye humkatalia Mweusi mkono." Lakini mwanamke wa kanisa anaweza kumkatalia mkono mwanamke anayecheza dansi usiku kucha, wa rangi yoyote. Roberta hajui kusoma akiwa na miaka minane. Kulia unaandika nini? Ukiandika kwa uaminifu utaona aibu kidogo, na aibu hiyo ndiyo maudhui. Baadaye Twyla ni mhudumu wa mkahawa wa Howard Johnson's, Roberta anapita na vijana wawili wakienda kwa Jimi Hendrix, Twyla hata hajui Hendrix ni nani. Hendrix, mpiga gitaa, alikuwa Mweusi. Waliojaa kwenye maonyesho yake wengi walikuwa vijana wa Kizungu. Kidokezo kinakata pande zote mbili. Vyote viko hivyo, kimoja kimoja.

Ukipata mistari kumi inatosha. Chagua mitatu, uichambue.

Halafu Maggie. Huyu ndiye anayesahaulika, na insha bila Maggie ni pilau bila nyama. Mpishi wa kituo, bubu, miguu imepinda, aliyeanguka bustanini na wasichana wakubwa wakamcheka. Miaka ikipita Roberta anadai waliwahi kumpiga mateke mwanamke Mweusi. Twyla hakumbuki kama Maggie alikuwa Mweusi. Yaani hata rangi ya mtu waliyemwona kila siku imekuwa suala la kumbukumbu. Tazama pia kwamba waliomwangusha ni wasichana, walioangalia ni wasichana, aliyeanguka ni mwanamke asiyeweza kupiga kelele. Wote wameachwa na mama zao kwa njia moja au nyingine. Wakigombana mbele ya shule kuhusu watoto kupelekwa kwa basi shule nyingine ili rangi zichanganyike, wanabeba mabango, na bango la Twyla halina maana mpaka ulisome pamoja na la Roberta. Umama ndio silaha pale. Jinsia yako iko hapo, haihitaji sura yake.

Maalim_Kasikazi

Naongeza tahadhari ya lugha. Kiingereza hakina kiambishi cha rangi katika kitenzi, kwa hiyo Morrison aliweza kuificha rangi. Kiswahili hakina kiambishi cha jinsia: "alimwambia" huenda ni mume kwa mke au bibi kwa mjukuu. Ukiandaa rasimu kwa Kiswahili jinsia inapotea bila wewe kukusudia, na ukihamisha kwa Kiingereza unajaza kwa mazoea. Mahali pabaya kuliko pote ni mwisho wa *Passing*, pale dirishani ghorofa ya sita: "alimshika mkono, akaanguka." Nani alimshika nani, nani akaanguka? Irene aliuweka mkono juu ya mkono wa Clare. Kilichofuata Irene hakujiruhusu kukikumbuka vizuri. Andika majina, kila mara, hata ikichosha.

Nguzo_Malindi

Kuhusu ulinganisho wa maalim na Pwani, mimi ningeuondoa. Mtahini atauliza uhusiano wake na Larsen. Tena ukigusa suria utavutwa kwenye mjadala wa utumwa wa huku na wa kule, na maneno 2,500 yataisha hujafika Chicago.

Maalim_Kasikazi

Aya moja, maneno 120, na isimame kama njia ya kueleza kwa nini msomaji wa Kiswahili anasoma "mweupe" vibaya. Pwani pia serikali ya kikoloni iliwagawa watu wenyeji na wasio wenyeji, na wapo waliodai kwa maandishi wahesabiwe Waarabu, kwa kodi na kwa heshima. Msomaji wa Lamu analijua hilo damuni. Kulinyamazia ni kujifanya tumesoma kutoka hewani. Lakini kweli, ikizidi aya moja itakuwa tumbo limezidi mwili.

Bi_Mkomani

Naona aya hiyo iende mwanzo kabisa, badala ya ule utangulizi wa utumwa. Itafanya kazi mbili.

Makosa mengine yanayorudi kila mwaka: moja, kusema ndoa ya Clare ilikuwa haramu kisheria. Riwaya inatendeka Chicago, jimbo la Illinois, na New York, na majimbo hayo mawili wakati ule hayakuwa na sheria ya kukataza ndoa za mchanganyiko. Majimbo mengine mengi yalikuwa nayo, na ya mwisho yakafutwa na Mahakama Kuu mwaka 1967. Kwa hiyo hatari ya Clare si jela. Ni mume, nyumba na mtoto. Irene anawaza kesi ya Rhinelander, ya kweli, iliyosikilizwa New York mwaka 1925: tajiri aliyetaka ndoa ifutwe akidai mkewe alimficha asili. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa mke ushindi. Wengi hawataji hilo la mwisho, na ndilo linaloifanya kesi iwe na ladha.

Kosa jingine ni kulirusha neno la mwanasheria Kimberlé Crenshaw, "intersectionality" (makutano ya ubaguzi), bila kulieleza. Mwaka 1989 alionyesha jinsi wanawake Weusi walivyoanguka katikati ya sheria mbili. Moja ya kesi alizochambua ni ya wafanyakazi wa kampuni ya magari ya General Motors: kampuni ikionyesha imeajiri wanawake, ni Wazungu, ikionyesha imeajiri Weusi, ni wanaume, mahakama ikawakatalia wanawake Weusi kuunganisha madai ya rangi na ya jinsia. Yeye akatoa picha ya njiapanda ambapo gari linaweza kukugonga kutoka pande zote. Sentensi mbili zinatosha, na ziambatanishe na ile chai ya Chicago, zisielee.

Na usiandike kutoka kwenye filamu ya *Passing* ya 2021. Ni nzuri, imepigwa nyeusi na nyeupe makusudi, lakini kamera inamtazama Irene kutoka nje. Insha yako inategemea kuwa ndani ya kichwa chake.

Mgawanyo wangu: maneno 200 ufunguzi pamoja na ile aya ya "mweupe", 300 sheria na sensa, 700 chai, 700 jedwali la *Recitatif* pamoja na Maggie, 400 usomaji unaopingana na wako, 200 kufunga. Kwa usomaji pinzani yupo mhakiki Deborah McDowell, aliyeandika mwaka 1986 kwamba chini ya hofu ya rangi kuna matamanio ya Irene kwa Clare. Usimkwepe. Mjibu kwa matini: tazama jinsi Irene anavyouelezea uso na sauti ya Clare, hesabu mara ngapi. Dondoo lisizidi mistari mitatu.

Nguzo_Malindi

Kabla hujaandika lolote kuhusu kifo cha Clare, fungua ukurasa wa mwisho wa nakala yako. Chapa za *Passing* hazifanani. Nyingine zinaishia Irene anapozama na kila kitu kuwa giza. Nyingine zina aya fupi baada ya hapo, mwanamume asiyetajwa jina anasema anaona ni ajali, kisha anataka wapande wakatazame dirisha tena. Neno la mwisho likiwa la ajali, au la mashaka, au giza tupu, hoja yako inabadilika. Na taja chapa uliyotumia, la sivyo mtahini mwenye nakala nyingine ataona umezua.

Mwana_Langoni

Nimeangalia sasa hivi. Yangu inaishia gizani. Hiyo aya ya dirisha siijui kabisa. Riwaya haina haki miliki tena Marekani tangu Januari 2025, kwa hiyo naitafuta mtandaoni usiku huu umeme ukirudi. Jedwali la *Recitatif* nimeanza, nimefika mstari wa sita. Upande wa kulia hausomeki kwa jinsi nilivyofuta.

Bi_Mkomani

Usifute. Uandike tena ulichofuta.